Barabara ya Musanze na Mbio za Wenzi

Tumepita barabara ya Rwanda itokayo Musanze kwenda Rubavu, jirani ya Goma yetu. Kwanza yapanda chini ya milima ya moto, kisha yateremka mpaka ziwa Kivu, lililo mita 1,460 juu ya bahari. Mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Rwanda yamepita hapo mara nyingi.

Katika mbio hizo mtu hashindi kwa siku moja. Muda wa siku zipatazo nane hujumlishwa. Aliyetumia muda mfupi kuliko wote huvaa fulana ya manjano. Lakini hafiki peke yake. Wenzake humtangulia wakimkinga upepo, humletea maji, na mpira wake ukipasuka, mmoja humpa gurudumu lake mwenyewe, naye hubaki kando ya njia akingoja gari la kikosi. Jioni huyo huhesabiwa kati ya walio nyuma.

Mwaka 2014, tena 2016, Valens Ndayisenga, kijana wa Rwanda, alishinda. Jina lake limeandikwa. Majina ya waliomkinga upepo, nani ayakumbuka? Basi, watoto wetu wakisimama njiani, tuwafundishe kuwapigia makofi hata wa mwisho.