Sauti Bila Majina

Watu wengi hudhani kuwa kitu kilichowekwa katika kompyuta ama kipo ama hakipo, na kwamba mashine ikisema hakipo, basi shauri limekwisha. Dhana hiyo ina kosa, na kosa hilo limewapotezea watu mali ambayo ilikuwa bado mikononi mwao. Katika diski ngumu, ile ambayo mafundi wa mitaani huiita hadi diski, vitu viwili hukaa mbalimbali kama mtu na jina lake. Cha kwanza ni maandishi yenyewe, au sauti, au picha, iliyogeuzwa kuwa tarakimu na kutandazwa juu ya sahani zenye sumaku. Cha pili ni orodha: jina la kila faili, tarehe yake, na mahali vipande vyake vilipo. Mashine haipekui sahani nzima ili kuona kitu kimoja. Husoma orodha, kisha huenda moja kwa moja ilikoelekezwa. Orodha ikiharibika, mashine husimama mlangoni kama mgeni aliyepoteza barua ya maelekezo, ikatangaza kuwa nyumba haina watu.

Wakazi wa nyanda za juu za Kigoma wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Na ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu. Wenyeji wameona kwa macho yao mtoto aliyefika salama, mwili mzima na kauli nzima, ila hapana mtu wa kusema ni wa nani. Mtoto yupo. Kilichokatika ni uzi uliomfunga na watu wake, na kazi ya kuutafuta uzi huo si kazi ya kumlisha wala ya kumvisha. Ni kazi nyingine kabisa, yenye adabu yake na subira yake.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kibondo alijikuta katika kazi ya namna hiyo kwa ajili ya diski moja ya gigabaiti 500. Tangu mwaka 2009 alikuwa akizunguka vijijini na kinasa sauti kidogo, akiwasikiliza wazee wakisema Kiha. Hakutumwa na mtu wala hakulipwa. Alinasa habari za malale, yaliyoifanya serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1930 iwahamishe watu na kuwakusanya katika makazi mapya. Alinasa habari za vijana waliokwenda kwa miguu na kwa gari moshi kukata mkonge Tanga. Za enzi ya Mwami Theresa Ntare huko Heru, kabla utawala wa machifu haujafutwa mwaka 1963. Na za kuhamishiwa katika vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970. Alinasa pia nyimbo za arusi, vitendawili, na matusi ya kirafiki ambayo wazee walimwomba asiyaandike. Faili zilipita mia mbili. Wengi wa waliosema humo wamekwisha kufariki dunia, na kwa baadhi yao hapana picha wala mwandiko uliosalia.

Miaka mingi wilaya hizo ziliishi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, hata gridi ya taifa ilipoingia huko mwanzoni mwa miaka ya 2020. Na kukatika kwa umeme kumewafundisha watu wake kuwa na mshumaa karibu. Diski haina mshumaa. Jioni moja mwalimu alikuwa akinakili sauti mpya, taa zikazima, zikawaka, zikazima tena. Asubuhi yake aliifungua kompyuta, nayo ikamwambia kuwa diski haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, na ikamwuliza kwa upole kama anataka ifanye hivyo sasa. Mpwa wake, kijana mwenye haraka na huruma, alinyoosha kidole kubonyeza ndiyo. Mwalimu alimshika mkono. Hakujua neno hilo lilikuwa na maana gani. Alijua tu kuwa tangu ujana wake hakupata kutia saini karatasi asiyoielewa.

Hapo ndipo hatari yote ilipokuwa. Kufomati kwa haraka hakusugui sahani, bali huandika orodha mpya, tupu, juu ya sehemu ya ile ya zamani. Na kila kitakachowekwa baadaye chaweza kuangukia mahali palipolala sauti ya marehemu. Maadamu hakuna kilichoandikwa juu, kilichokuwapo kipo. Yafaa isemwe pia kuwa sheria hii ni ya diski zenye sahani. Diski mpya zisizo na sahani, zilizotengenezwa kwa vipande vya kumbukumbu, aghalabu huarifiwa na kompyuta kuwa nafasi fulani haitakiwi tena, nazo huisafisha zenyewe. Huko faili iliyofutwa hufutika kweli, na fundi hana la kufanya.

Mwalimu aliifunga diski katika kitambaa, akapanda basi la Kasulu, akamwendea fundi mmoja ambaye kibanda chake kilikuwa karibu na stendi, kati ya muuza vitenge na muuza maharage. Fundi alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wake wa mwisho.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Tangu umeme ulipokatika, umeandika kitu chochote humu?”

“Sikuandika hata herufi.”

“Na ile habari ya kufomati, uliikubali?”

“Niliikataa.”

“Basi nusu ya kazi yangu umekwisha kuifanya.”

Jambo la kwanza alilofanya fundi ni kukataa kuitengeneza diski ile. Aliiunganisha na kompyuta kuukuu, akaanza kuinakili tarakimu kwa tarakimu katika diski nyingine, kwa programu iitwayo ddrescue, ambayo ilitungwa na Antonio Diaz Diaz. Programu hiyo ina busara ya mganga mzuri: huchukua kwanza sehemu nzima zisomekazo kwa urahisi, huziruka zile zenye maradhi, kisha huzirudia moja moja mwishoni, ili diski ikifa katika matibabu iwe imekwisha kutoa kilicho kingi. Diski yenye afya, kwa kompyuta ya zamani namna ile, ingalimaliza kwa muda wa saa tano hivi. Hii ilikesha. Mwalimu alilala katika nyumba ya wageni, na alfajiri alikuwa kibandani kabla ya mwenyewe.

Wasomi wa miswada ya kale wataitambua adabu hiyo. Mswada haushikwi kwa kalamu ya wino. Hupigwa picha, na mabishano yote hufanyika juu ya picha. Fundi wa Kasulu hakusoma chuo kikuu chochote, lakini kanuni alikuwa nayo kamili, tena aliifuata mbele ya mteja mwenye wasiwasi aliyekuwa akimwuliza kila baada ya nusu saa kama bado.

Juu ya nakala hiyo aliitumia programu ya TestDisk, ambayo Mfaransa Christophe Grenier aliitunga. Katika mpango wa mafaili uitwao NTFS, sekta ya kwanza, inayoieleza mashine namna ya kuisoma diski, ina nakala yake mwishoni mwa eneo hilohilo. Ya mwanzo ilikuwa imevurugika. Ya mwisho ilikuwa nzima. Fundi aliirudisha mahali pake, na diski ikafunguka. Folda zikaonekana, na mwalimu akasema jina la Mungu kwa sauti.

Alishukuru mapema. Theluthi moja ya mafaili ilikuja na majina yake. Kwa yaliyobaki, sehemu za sahani zilizobeba orodha kuu zilikuwa hazisomeki kabisa, na orodha hiyo haiwekewi nakala ila ya mistari yake minne ya kwanza. Mistari mingine ikifa, imekufa. Zilibaki sauti zenyewe, mahali fulani katika bahari ya tarakimu, pasipo kitu cha kuzionyesha.

Fundi akaiendea njia ya tatu. Kila aina ya faili huanza kwa alama yake, kama ukoo ujulikanavyo kwa chale. Picha ya JPEG huanza kwa baiti zilezile daima. Hati ya PDF hujitaja kwa jina. Sauti ya WAV huanza kwa herufi nne, RIFF, na baada yake huandikwa urefu wake. Programu ya PhotoRec, ya mtungaji yuleyule Mfaransa, haishughuliki na orodha hata kidogo. Hupita diski nzima toka mwanzo hata mwisho, ikiona alama huanza kukusanya, na kikusanywacho hukipa namba. Jioni ya siku ya pili mwalimu alikuwa na sauti zake karibu zote. Hazikuwa na majina, wala tarehe, wala vijiji, wala mpango wowote. Tena nyingine zilikuwa zimeshonwa vibaya, kwa kuwa faili kubwa yaweza kuwekwa vipande vipande mahali mbalimbali, na programu isiyo na orodha haijui kipande kinachofuata kipo wapi. Mzee mmoja alikuwa akisimulia safari ya mkonge. Katikati ya neno akakatika, na papo hapo mwanamke akaendelea kwa wimbo wa arusi, kana kwamba walikuwa wameafikiana.

Kuna kisa kikubwa cha jirani kinachofaa kulinganishwa na hiki. Barabara ya Kasulu huteremka hata Kigoma na Ujiji, na ni Ujiji ambako David Livingstone alirudi mwaka 1871 akitoka Manyema, akiwa amebeba shajara ya ajabu. Huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba, karatasi na wino vilikuwa vimemwishia. Basi aliandika juu ya kurasa za gazeti la Kiingereza liitwalo The Standard, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino uliotolewa katika mbegu za mmea wa huko. Katika kurasa hizo mna habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Wino ulififia, na kwa zaidi ya karne moja wasomaji walitegemea maneno aliyoyanakili na kuyasawazisha mwenyewe baadaye, yaliyochapishwa mwaka 1874 chini ya uhariri wa Horace Waller. Hatimaye kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilizipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa jicho, na mwaka 2011 shajara ya asili ikatolewa hadharani. Ilionekana kuwa nakala aliyoisawazisha haikulingana na ya asili katika kila jambo, na wanachuo wamekuwa wakizishindanisha tangu siku hiyo.

Wino wa mbegu na wino wa mtambo huitikia mwanga kwa namna mbili, ndiyo maana waliweza kutenganishwa ijapokuwa mmoja ulikuwa juu ya mwingine. Sumaku haina hisani hiyo. Mwaka 1996 Peter Gutmann aliandika juu ya uwezekano wa kusoma mabaki ya kilichoandikwa chini, lakini katika diski zilizofuata, zilizosongamana mno, kilichoandikiwa juu kimekwenda. Livingstone aliandika juu ya maneno ya watu wengine, na yote mawili yakasalia. Lau mpwa wa mwalimu angalibonyeza ndiyo, kisha akajaza diski ile sinema, pasingalikuwa na mwanga wa rangi yoyote wa kuwatafuta wazee.

Sasa mwalimu anayo kazi ambayo fundi hakuweza kuifanya. Katika miaka yake ya kwanza alikuwa na desturi ya kutamka jina la msemaji, kijiji na tarehe kabla ya kumpa nafasi, kwani kinasa chake hakikuwa na mahali pa kuandika. Baadaye alijifunza kuyaandika majina katika kompyuta, akaiacha desturi hiyo kwa kuiona ya kizamani. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio: sauti kongwe zajitambulisha zenyewe, na zile mpya ni mabubu wa nasaba. Dawa ya mabubu hao haimo katika programu yoyote. Imo katika masikio ya watu walioishi nao, na masikio hayo hupungua kila mwaka.

Hivyo huzunguka tena katika vijiji vilevile, safari hii akiwa na simu na spika ndogo. Hukaa barazani, huamkia, hungoja apewe kiti, kisha hupiga sauti moja. Mara nyingine jibu huja kabla sentensi haijaisha: mjane humtambua mumewe kwa kikohozi. Mara nyingine hutokea ugomvi. Kiha cha Kibondo na cha Kasulu havifanani kwa kila neno, na Kirundi ni ndugu wa karibu wa vyote viwili, hata mpaka wa sauti ni mgumu kuchorwa kuliko mpaka wa nchi. Ipo sauti moja ya mwanamke anayehadithia njaa. Watu wa Kibondo walimsikiliza wakasema ni mtu wa Kasulu. Watu wa Kasulu wakacheka, wakasema huyo ni wa Kibondo bila shaka. Bibi mmoja wa Heru Juu aliomba apigiwe mara tatu, akafumba macho, akasema kuwa msemaji huyo alizaliwa ng'ambo ya mpaka akaolewa huku angali msichana, kwa kuwa maneno ni ya huku lakini wimbo wake wa kusema ni wa kule.

Mwalimu aliyaandika hayo katika daftari, pamoja na jina la aliyeyasema, akatia alama ya kuuliza. Mbele ya namba ya faili ameacha nafasi ya mstari mmoja kwa ajili ya jina, na chini yake ameandika kwa kalamu ya risasi: mwanamke, mtu mzima, kuku wanasikika, mwishoni mvua inaanza kunyesha juu ya bati.