Wanasesere na kamera: Matembezi ya Kibera na Kawangware

Kamera haikuanza jana kuingia Kibera, wala haikupokewa kwa shangwe kila mara. Kwa miaka mingi wageni wamekuja kwa magari, wakawapiga picha watoto wakicheza kando ya mitaro ya maji machafu, kisha wakaenda zao bila hata kuuliza majina. Picha zile zilitembea dunia nzima; aliyepigwa hakupata hata nakala moja. Si ajabu basi kwamba mwenyeji wa Laini Saba au Gatwekera akiiona kamera hukunja uso.

Hata hivyo, msomaji, kuna uraibu mmoja unaoweza kukupitisha na kamera yako katika mtaa huu, na ule wa Kawangware, bila kumuudhi mtu: kupiga picha za wanasesere.

Uraibu huu una mashabiki wengi ng'ambo. Mnamo 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto, Japani, ilianza kuuza wanasesere walioitwa Super Dollfie, waliotengenezwa kwa resini, yaani utomvu wa kiwandani unaomiminwa katika kalibu ukaganda na kuwa mgumu. Viungo vyao hushikanishwa kwa uzi wa mpira upitao ndani ya mwili, hivyo mwanasesere anaweza kuketi, kukunja goti au kushika tama. Macho na nywele hubadilishwa. Wakubwa wao hufikia urefu wa sentimita 60 hivi, na bei yao ni mamia ya dola za Marekani. Wenye nao huwashonea nguo, huwatoa nje na kuwapiga picha kana kwamba ni watu walio safarini.

Kwa familia nyingi za Nairobi, bei hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Lakini utamu wa uraibu huu haumo katika resini bali katika jicho la mpiga picha. Mwanasesere yeyote atafaa, na simu ya mkononi yenye kamera inatosha.

Mahali pema pa kuanzia ni soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, karibu na Adams Arcade. Soko hili limeonja machungu. Liliharibiwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na moto ukaliteketeza tena Oktoba 2024. Kila mara wachuuzi walirudi wakapigilia mbao upya. Kati ya marundo ya viatu na nguo za mitumba hukosi kumwona mwanasesere amelala kifudifudi, nywele zimetimka. Mtafute mwenye viwiko na magoti yanayokunjika, kwani asiyekunjika husimama kama mlingoti katika kila picha.

Wengi wao ni weupe wenye nywele za manjano, kwa maana wametoka huko zinakotoka mitumba. Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapoanza. Fundi cherehani hatakunyima vipande vya kitenge vilivyobaki, na sufu nyeusi ikisukwa vizuri hugeuka nywele. Mama anayejua sindano anaweza hata kumshona mwanasesere mzima kwa kitambaa cha rangi ya kahawia na kumjaza matambara. Nyanya zetu walifanya hivyo kwa magunzi ya mahindi, wala hawakuhitaji duka.

Kutoka Toi ni mwendo mfupi hadi Makina, kitovu cha Wanubi wa Kibera. Wazee wao walikuwa askari wa jeshi la Waingereza, King's African Rifles, waliopewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la mtaa wenyewe lilitokana na neno lao kibra, yaani msitu. Mnamo 2017 jamii hiyo ilipata hati ya ardhi ya ekari 288. Wanawake wa Kinubi husuka kawa za rangi nyingi wanazoziita tabaga. Omba ruhusa umketishe mwanasesere mbele ya moja, nawe utapata picha yenye rangi kuliko ua lolote la bustanini.

Ukiteremka utafika kwenye reli. Mwaka 2009 msanii wa Ufaransa ajulikanaye kama JR alibandika hapa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa Kibera, zikafunika mita mraba 2,000 za mapaa. Macho mengine yalibandikwa kwenye garimoshi, na sehemu ya chini ya nyuso kwenye mabati yaliyolazwa mtelemkoni. Garimoshi lilipopita, uso ulikamilika kwa sekunde chache. Zile za mapaa zilichapwa kwenye turubai isiyopitisha maji, hivyo nyumba nazo zikapata kinga ya mvua. Angalau safari hiyo picha ilimwachia mwenyeji kitu.

Usimweke mwanasesere relini, maana garimoshi bado hupita. Mweke kando, juu ya jiwe, na wewe ushuke mpaka kamera ilingane na macho yake. Ukimpiga kutoka juu atabaki kitu cha kuchezea. Ukimpiga usawa wa macho, bati lililo nyuma yake huwa ukuta na dimbwi huwa ziwa. Epuka jua la mchana. Nairobi iko karibu na ikweta, na jua la utosini hutia macho kivuli. Tena huifanya resini igeuke manjano. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, au saa kumi na moja jioni, ndio wakati wake.

Kwenda Kawangware, fuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner, kisha ukate kuingia Naivasha Road. Njiani mafundi wa samani wana vipande vya mbao vinavyotosha kuunda kigoda au kitanda. Ukifika 46 utakuta soko limefurika: sukuma wiki, maharagwe yakipimwa kwa gorogoro, viazi vimepangwa mafungu mafungu. Ukiwa na mwanasesere wa sentimita 30, kila kitu hukua mara sita: kizibo cha soda ni sahani, na fungu la nyanya ni kilima.

Usianze kupiga kabla ya salamu. Mama mwenye genge atakuuliza, "Kijana wangu, hiyo picha ni ya nini?" Mjibu, "Shikamoo mama, naomba nimketishe mdoli huyu kando ya nyanya zako." Mara nyingi atacheka, na huenda akampanga mwenyewe. Akikataa, shukuru uende.

Watoto nao watakusanyika, wakitaka wapigwe wao. Hapa simama ufikirie. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia picha ya mtoto. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, si mbali na Kawangware, ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Lakini hata kama faini isingekuwapo, mtoto wa Kawangware ana haki ileile ya mtoto wa Lavington, aliye ng'ambo tu ya barabara: uso wake si wa kila apitaye. Mpe mwanasesere amshike, upige mikono yake peke yake. Au bora zaidi, mpe simu apige yeye. Utashangaa anavyoujua mtaa wake.

Baada ya siku chache, chapisha picha mbili tatu uzirudishe kwa mama wa nyanya na kwa msukaji wa kawa. Gharama yake ni ndogo, na safari ijayo hutahitaji kujieleza. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.