Futa Windows, Siyo Picha za Nyumba!

Jamaa mmoja wa Magole, Kilosa, ana kompyuta yenye Windows mbili: 10, na ile 7 iliyokatiwa apdeti Januari 14, 2020. Nafasi ikaisha, akataka kuifuta 7 fasta. Mkewe akaruka: "Baba watoto, humo ndo kuna picha za nyumba yetu kabla ya mafuriko ya Januari 2014!" Wakazihamishia kwenye flashi kwanza.

Kufungua Disk Management, neno "System" liko kwenye patisheni ya 7. Wangeifuta hivyohivyo, hata Windows 10 isingefunguka. Fundi akahamishia faili za kuwashia kwenye 10, ndipo wakafuta.

Wadau, za kwenu mmezihifadhi wapi?