Kasubi na Namugongo kwa Siku Moja

Mgeni mwenye siku moja tu mjini Kampala, Uganda, na aianzie kilimani Kasubi. Hapo, chini ya paa kubwa la nyasi, wamelala Makabaka wanne wa Buganda. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto mwezi Machi, 2010, ikajengwa upya na kuezekwa kwa nyasi kama desturi. Mmoja wao ni Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903. Mwili wake uliletwa nyumbani mwaka 1910.

Akiisha kula matoke yake, na ashike njia ya Namugongo, yapata kilomita 15. Ndiko vijana watumishi wa jumba la Mwanga, Wakatoliki kwa Waanglikana, Charles Lwanga miongoni mwao, walikochomwa moto tarehe 3 Juni, 1886, kwa amri yake. Kanisa la Kikatoliki la huko, lenye nguzo 22 na umbo la nyumba ya Kiganda ya kale, wengi hulipiga picha wakaenda zao. Ni haraka isiyo na faida, kwani hapo hapo Namugongo upo msikiti, na wanakumbukwa Waislamu waliouawa miaka ya 1870 kwa amri ya Mutesa wa Kwanza, baba yake Mwanga. Huyo naye amelala Kasubi, chini ya paa lile lile la mwanawe, na wageni huingia kwake bila viatu.