Karai la Mama

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mimi nami nilizunguka huku na huko nikitafuta shairi la kutunga, kumbe shairi lilikuwa jikoni mwa mama yangu. Ndugu msomaji, tega sikio nikusimulie.

Hapa Voi, kila Jumamosi saa nane na nusu za mchana, watu saba hukutana kwenye baraza ya fundi mmoja wa cherehani karibu na soko. Si chama kikubwa. Hakina jina, hakina cheti, wala hakina mwenyekiti. Yumo fundi mwenyewe, mwalimu aliyestaafu, mzee mmoja ambaye ni mlinzi wa usiku, dada muuza mitumba, na sisi wanafunzi watatu. Kila mmoja hutoa shilingi 20 za chai na za kutolea nakala.

Kazi yetu ni kutunga. Ukileta shairi au hadithi, utaisoma mara mbili kwa sauti. Kisha utanyamaza kimya, hata kama roho inakuuma, mpaka kila mtu amalize kusema yake. Hakuna kujitetea. Utakwenda nyumbani kurekebisha, na Jumamosi ifuatayo utaileta tena. Mwisho wa muhula, kazi zilizokubaliwa huandikwa vizuri, zikatolewa nakala 40, na fundi akazishona katikati kwa cherehani yake zikawa vijitabu.

Nilijiunga nao Februari 2025, nikiwa kidato cha pili. Nilikwenda kifua mbele. Nilikuwa na shairi langu juu ya elimu, beti saba, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao. Vina havikukosa hata kimoja. Nikasoma, nikangoja makofi.

Mwalimu alihesabu kwa vidole akasema, "Arudhi iko sawasawa." Kisha yule mzee mlinzi, ambaye huja na macho mekundu kwa kukesha, akauliza, "Mjukuu wangu, wewe uko ubeti wa ngapi?"

Sikumwelewa.

"Nimekutafuta tangu ubeti wa kwanza hadi wa saba, sikukuona. Shairi hili mtu yeyote angeliandika."

Watu wakacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Juma lililofuata nilikuja na hoja yangu. Nilisema kosa si langu, kosa ni la vina na mizani, vinamfunga mtu. Nilimtaja Euphrase Kezilahabi wa Tanzania, ambaye katika diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 aliandika mashairi huru. Mwalimu hakubisha. Alisema Kezilahabi alijua anachokiacha ndipo akakiacha. Halafu akatueleza habari za Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa gerezani mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake ulioitwa Kenya: Twendapi? Humo gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mengi yamefuata vina na mizani, na bado uchungu wake unausikia. "Basi usiisingizie mizani," akaniambia.

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Ikawa kila nikishika kalamu namwona yule mzee akinitafuta ndani ya beti.

Muhula wa pili kulitokea jambo. Nilikuwa nimekosa pesa za chakula cha mchana shuleni. Mama yangu huuza mahamri na mbaazi kando ya njia, na biashara ilikuwa imelala. Alfajiri moja nilimwona akiingia duka la jirani. Alipotoka alikuwa na noti mkononi, akanipa, akasema, "Nenda shule." Siku tatu zilizofuata hakupika mahamri. Alisema mgongo unamuuma.

Nililitunga hilo. Mshororo mmoja ulikuwa hivi:

Mama kaenda dukani, kuomba fedha za deni.

Nilipousoma pale barazani, hakuna aliyecheka. Cherehani ilinyamaza. Mzee akasema, "Leo nimekuona." Shairi likakubaliwa kuingia kijitabuni. Furaha niliyokuwa nayo siku hiyo haielezeki.

Sisi tunaishi chumba kimoja, kimegawanywa kwa leso. Usiku huo nilikuwa nikilikariri huku nikigonga meza kuhesabu mizani, ma-ma-ka-e-nda-du-ka-ni. Nilidhani mama amelala.

"Soma tena," akasema kutoka upande wa pili.

Nikasoma. Sauti ilinitetemeka.

"Nani aliomba?"

Nilikosa la kusema.

"Watu wamelisikia hilo?"

"Ndiyo, mama."

Alinyamaza kitambo. "Basi umenianika nje, mwanangu, na hata hodi hukubisha." Kisha nikasikia kitanda kikilia, akageukia ukutani. Ni afadhali angenichapa.

Jumamosi nilikwenda kuliondoa shairi langu. Yule dada wa mitumba alikasirika. "Aka! Mtunzi akianza kuomba ruhusa ataishia kusifu tu. Si umesema kweli?" Fundi alikuwa upande wake. Mwalimu akasema, "Abdilatif aliponena, aliyelipa ni yeye mwenyewe. Hapa atakayenyoshewa kidole sokoni ni mama yake, na huyu binti yuko darasani." Walivutana mpaka chai ikapoa.

Mzee mlinzi aliniuliza swali moja tu. "Ulimwuliza mama kilichotokea mle dukani?"

"La. Niliona mwenyewe."

"Uliona mlango, mjukuu wangu."

Jumapili jioni nilimkuta mama akikanda unga. Nilijikaza kisabuni, nikamwomba msamaha, nikamwuliza. Alikanda weee, nikafikiri hatanijibu.

"Mimi sikuomba," akasema. "Tangu nizaliwe sijaomba mtu. Niliweka karai langu rehani. Mgongo haukuwa na kitu. Ningekaangia nini? Nilifua nguo za watu siku tatu, ya nne nikalikomboa."

Nilibaki nimeduwaa. Lile karai kubwa jeusi lilikuwa pale pale ukutani, nami niliandika beti sita juu ya siku ile bila kuliona. Nilikuwa nimemfanya mama ombaomba kwa sababu neno hilo lilitosha mizani.

Nilichukua daftari na penseli, nikafuta, nikaandika:

Mama kaenda dukani, karai lake rehani.

Nilihesabu. Nane na nane.

"Imetosha?" mama akauliza.

"Imetosha, mama."

"Basi hiyo isome. Ile ya kuomba sitaki kuisikia tena."

Kijitabu kilitoka mwisho wa muhula. Mama hajui kusoma vizuri, kwa hivyo nilimsomea asubuhi mapema mafuta yakiwa motoni, na wateja wawili wakiwa wamesimama wanangoja. Alisikiliza beti zote sita. Nilipomaliza alisema tu, "Geuza hilo hamri, linaungua." Lakini jioni nilikiona kile kijitabu kimewekwa ndani ya sanduku lake, pamoja na kitambulisho na cheti changu cha kuzaliwa.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, sasa niko kidato cha tatu na bado naenda barazani kila Jumamosi. Vina na mizani mtafundishwa darasani, navyo vina faida yake, kwani kama si kuhesabu kwa sauti usiku ule, mama asingenisikia. Lakini kabla ya kumtunga mtu, mbisheni hodi kwanza. Huenda yeye ndiye mwenye neno mnalolitafuta.