Gari Lililofunga Breki Lenyewe

Kwa miezi mitatu nimekwepa kuandika makala haya. Nimeandika juu ya uwajibikaji mara nyingi kiasi kwamba baadhi ya wanafunzi hunitania kwa kuniita Mzee wa Uwajibikaji. Ndiyo sababu yaliyonipata barabarani yamekuwa magumu kuyasimulia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa natoka Dar es Salaam kurudi Morogoro pamoja na shangazi yangu, aliyekuwa ametoka kumwona daktari wa macho. Tulikwisha kuipita Chalinze. Gari langu ni kama mengi tunayoyaendesha nchini: lilitumika Japani kwa miaka kadhaa, likashushwa bandarini, likaanza maisha mengine. Lilikuja na kitabu cha maelekezo cha Kijapani ambacho siwezi kukisoma, na sauti ya mwanamke inayoniambia jambo nisilolielewa kila niliwashapo. Lilikuja pia na mfumo wa kumsaidia dereva. Rada iliyofichwa mbele na kamera iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele hutazama barabara, na mfumo ukiamini kwamba gari linakaribia kugonga kitu, hufunga breki bila kumngoja dereva.

Tulipoingia kwenye kona moja, barabara mbele yetu ilikuwa tupu. Palikuwa na lami, majani, na kibao cha chuma pembeni. Ghafla kengele ikalia, gari likajikunja kama mtu aliyekanyaga mwiba, na mwendo ukashuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi kama 30 kabla sijatambua kinachotokea. Nyuma yetu kulikuwa na lori lililobeba mahindi. Dereva wake alikata usukani kushoto, akatoka nje ya lami, akatukosa kwa kiasi ambacho sipendi kukikumbuka. Tairi moja la mbele lilipasuka kwenye jiwe. Utingo wake, kijana mdogo, alichanika mkono.

"Mwanangu, umeona nini?" shangazi aliniuliza.

"Sikuona kitu, shangazi."

"Sasa umesimamia nini?"

Dereva wa lori alikuja akitetemeka, nadhani kwa hofu kuliko hasira. "Mzee, umefunga breki kwa ajili gani?" Nikamjibu kwamba gari limefunga lenyewe. Akanitazama kwa muda. "Lenyewe? Kwa hiyo ningewaua, ningewaambia watu wenu kwamba gari limejiua lenyewe?"

Askari wa usalama barabarani walifika baadaye. Afande aliangalia alama za matairi, akauliza nani alikuwa mbele na nani alikuwa nyuma, na hukumu ikawa imekwisha: aliye nyuma ndiye anayepaswa kuacha nafasi ya kutosha. Dereva wa lori akaandikiwa faini ya shilingi 30,000. Alijaribu kueleza kwamba mzee huyu amefunga breki mahali pasipo na kitu. Afande akanigeukia na kuniuliza kama ni kweli. Nikajibu, "Nilipunguza mwendo kwenye kona, afande."

Sentensi hiyo haikuwa na uongo hata neno moja, lakini yote ilikuwa uongo. Mimi ni mwalimu. Najua jinsi sentensi ya namna hiyo inavyojengwa. Shangazi alinisikia, na hakusema neno mpaka tukafika Morogoro.

Juma lililofuata nilimpelekea gari fundi wa umeme. Aliniuliza swali moja tu: kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa? Ndiyo, kilipasuka kwa kokoto, nami nikakibadilisha kwenye gereji iliyonitoza bei ndogo. Akanieleza kwamba kamera ile inapotolewa na kurudishwa, lazima ipimwe upya kwa vifaa maalumu, kwa kuwa tofauti ndogo sana kwenye kioo huwa kubwa umbali wa mita 50 mbele. Yangu haikupimwa. Kisha akatoa dawa yake: "Tuuzime tu mfumo, mwalimu. Wengi wanauzima."

Tatizo hili si la magari yaliyotumika peke yake. Februari 2022 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi baada ya kupokea malalamiko 354 katika miezi 9 kuhusu magari ya kisasa ya umeme yaliyopunguza mwendo ghafla bila sababu. Uchunguzi ulihusu magari yapatayo 416,000. Kivuli, kibao cha chuma, lori linalokuja upande wa pili kwenye kona: vitu hivi vinaweza kuudanganya mfumo. Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba breki hizi ni laana. Zinaokoa maisha, na Umoja wa Ulaya unazilazimisha katika magari mapya. Ugumu ni kwamba mfumo wowote wa namna hii unaweza kukosea kwa njia mbili: kuona kisichokuwepo, na kutokuona kilichopo. Ukipunguza kosa moja kwa pupa, unaongeza jingine.

Mfano mchungu ni wa Tempe, Arizona, Machi 2018. Gari la majaribio lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi waligundua kwamba mitambo ilikwisha kumbaini sekunde 5.6 kabla, ikawa inababaika: ni gari, ni kitu kingine, ni baiskeli. Breki za dharura zilikuwa zimezimwa wakati gari likijiendesha, ili lisiwe linashtukashtuka ovyo. Waliogopa breki zisizo na sababu, wakaikosa ile yenye sababu. Mwaka 2019 waendesha mashtaka walisema hawaoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwaka 2023 dereva mwangalizi aliyekuwa ndani ya gari, ambaye kwa mujibu wa uchunguzi alikuwa akitazama simu, alikiri kosa akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya gereza. Alikuwa na kosa lake, sikatai. Lakini katika mnyororo mrefu wa wahandisi, mameneja na wadhibiti, aliyetiwa hatiani ni yule aliyekuwa mshahara mdogo karibu na usukani.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka dereva wa mahindi. Sisi hatuna haja ya kwenda Arizona kuujua mtindo huu. Nani kati yetu hajawahi kusimama dirishani ofisini na kuambiwa "mfumo umekataa"? Mstaafu anaambiwa jina lake halisomeki. Mwanafunzi anaambiwa mkopo wake umesimama, na hakuna anayejua umesimamia nini. Aliyeko dirishani si mwongo. Kweli mfumo umekataa. Lakini anapokomea hapo, kosa lenye wenyewe linageuka kuwa hali ya hewa, na anayelowa ni yule aliye nyuma. Ndugu zangu watumishi wa umma, siwanyoshei kidole. Nilipoulizwa na afande, nami nilijificha dirishani.

Mlango wa lori lile ulikuwa na namba ya simu ya mmiliki. Nilikuwa nimeiandika siku ileile, bila kujua kwa nini. Niliipiga wiki mbili baadaye, nikapewa namba ya dereva. Nilimweleza yote: kioo, kamera, bei ndogo ya gereji. Alinisikiliza. Tairi, alisema, lilikatwa kwenye ujira wake. Faini alilipa mwenyewe. Mkono wa kijana umepona. Nilimtumia fedha za vyote viwili na za matibabu. Akanishukuru kwa adabu, kisha akasema, "Lakini pale barabarani, mwalimu, ndipo nilipokuhitaji." Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo.

Nimekwenda pia polisi kuandika maelezo ya kweli. Ofisa aliyenipokea alishangaa, akasema faini ikishalipwa hana pa kuirekebishia. Mfumo haurudi nyuma. Maelezo yangu yalipokelewa kwa karatasi.

Kamera imepimwa upya. Sikuuzima mfumo, ila nimejifunza unavyofanya kazi na namna ya kuushinda kwa mguu wangu. Ningependa ukaguzi wa magari usiishie kwenye taa na matairi, ufike pia kwenye kamera hizi. Na anayeuza gari lenye mfumo huo awe na wajibu wa kumpa mnunuzi maelekezo kwa Kiswahili. Ningependa pia kila mfumo wa umma uwe na mtu mwenye jina, anayeweza kuulizwa swali la shangazi yangu, naye akawajibika kulijibu: umesimamia nini?