Mama wa watoto wawili, binti wa miaka 20 na baba jukwaani

Julai 5, 1919, Dorothea Lambert Chambers aliingia kwenye uwanja wa nyasi wa Worple Road, Wimbledon, Uingereza, akiwa na miaka 40 na watoto wawili wa kiume. Sketi yake ilikuwa ndefu, kama walivyovaa mabinti wa makasisi waliolelewa kwa heshima, na yeye alikuwa mmoja wao. Mfalme George wa Tano na Malkia Mary walikuwa jukwaani.

Dorothea hakuwa mgeni hapo. Alikuwa bingwa mara saba. Mwaka 1909 hakucheza kwa sababu ya ujauzito, mwaka uliofuata akarudi na kulibeba taji. Alilitwaa tena 1911, 1913 na 1914. Kisha vita vikafunga mashindano kwa miaka minne, na alipoitwa kutetea ubingwa wake, miaka mitano ilikuwa imekatika. Wakati huo bingwa alisubiri tu mchezo wa mwisho, wengine wakichujana. Inaonekana ni raha, lakini mtu anayesubiri hapati mazoezi ya mechi.

Aliyepenya mchujo huo alikuwa Mfaransa, Suzanne Lenglen, miaka 20, mara yake ya kwanza Wimbledon. Sketi yake iliishia chini kidogo ya magoti, na alikuwa ameacha vazi la kubana kiuno ambalo wanawake wengi bado walichezea. Wapo waliong'aka. Aliyewahi kubishana na bintiye mlangoni kuhusu nguo anawaelewa.

Nyuma ya Suzanne alikuwepo baba yake, Charles. Ndiye aliyemfundisha. Husimuliwa kuwa alikuwa akitandaza leso uwanjani na kumtaka binti ailenge kwa mpira, tena na tena. Nidhamu hiyo ilizaa matunda, hilo halina ubishi. Ila mtoto anayefundishwa na baba hana pa kukimbilia akishindwa. Kocha na mzazi ni mtu yule yule, na wanarudi nyumba moja.

Suzanne alichukua seti ya kwanza 10-8. Dorothea akajibu 6-4. Katika seti ya tatu binti aliongoza 4-1, mama akamfuata taratibu mpaka akampita: 6-5, na 40-15. Pointi moja tu, na alikuwa na nafasi mbili za kuipata.

Binti alikuwa hoi. Baba yake alimrushia kutoka jukwaani vipande vya sukari vilivyochovywa kwenye brandi, naye akavila. Mzazi akifanya hivyo leo kwenye michezo ya shule ataitwa ofisini kabla kipenga hakijalia. Kwenye nafasi ya kwanza, Suzanne aliufikia mpira kwa shida, ukagonga mbao za raketi badala ya nyuzi, lakini ukavuka wavu. Ya pili nayo ikapotea. Mwishowe ikawa 9-7, taji likaenda Ufaransa. Michezo midogo 44 kwa jumla, rekodi ya fainali ya wanawake Wimbledon ambayo haikuvunjwa hadi 1970.

Mwaka 1920 Dorothea alirudi, akawashinda wote kwenye mchujo, akakutana tena na Suzanne. Safari hii ikawa 6-3, 6-0. Alikuwa na miaka 41. Hata hivyo raketi hakuiweka chini: mwaka 1925, akiwa na miaka 46, bado aliichezea Uingereza dhidi ya Marekani katika Kombe la Wightman.

Ilichukua hadi 1980 mama mwingine kutwaa taji hilo la mchezaji mmoja mmoja, Evonne Goolagong Cawley wa Australia, aliyekuwa na binti wa miaka mitatu.

Suzanne alifariki dunia 1938 akiwa na miaka 39, mwaka mmoja pungufu ya umri aliokuwa nao Dorothea siku ile. Dorothea aliishi hadi 1960.